UZI: Breki zinazolia kwenye magari ya zamani, tuweke hapa kila tunachojua

#1 Bandarini

Salaam wanabaraza. Swali la breki kulia linarudi kila mara na majibu yanatawanyika huku na huku. Naomba tuwe na uzi mmoja wa kudumu, kwa magari ya zamani tu: Mercedes W123, Peugeot 404 na 504, Volvo 240, Volkswagen Beetle, Datsun na wenzao.

Nianze na msingi. Breki hailii kwa kuwa ni kavu na yataka mafuta. Pedi (kipande kinachobana) inapoikamata diski (sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu) hushika na kuachia, kushika na kuachia, maelfu ya mara kwa sekunde, na diski inatetemeka kama upatu uliogongwa. Ule mlio mwembamba unaotoboa masikio ni mtetemo wa hezi 1,000 na zaidi. Basi kazi ya kuunyamazisha iko ya namna tatu: kuondoa kinachofanya pedi ishike vibaya (uso uliogeuka kioo, pedi ngumu kupita kiasi, mafuta, kutu), kukaza kilicholegea (beringi, pini, springi za kushikilia pedi), au kuuzuia mtetemo usipite kutoka kwenye pedi hadi kwenye pistoni inayoisukuma (grisi maalumu, au shimu, yaani kibati cha nyuma ya pedi). Wengi huanza na hii ya tatu kwa kuwa ni rahisi, ndiyo maana mlio unarudi baada ya wiki mbili.

Kabla ya kushika spana, sikiliza. Endesha polepole kando ya ukuta mrefu, vioo vikiwa chini, ukutani upande mmoja halafu mwingine. Sauti hugonga ukuta na kukurudia, utajua ni kulia au kushoto, mbele au nyuma. Kisha andika:

– Inalia ukikanyaga kidogo tu, ukikanyaga sana inanyamaza? Pedi inacheza, au inaanza kushika kwa ukingo wa mbele.
– Inalia hata hujakanyaga, na ukikanyaga inanyamaza? Pedi haikurudi, au bamba la kuzuia vumbi lagusa diski.
– Inakwaruza kama chuma kwa chuma? Simamisha gari. Hapo hakuna mjadala wa mlio, pedi imeisha.
– Inalia mara tatu nne za kwanza asubuhi halafu basi? Usiguse kitu. Ni kutu nyembamba ya unyevu wa usiku juu ya diski, na pedi imeshaifuta.

#2 FundiShimanzi

Bandarini umefungua vizuri. Mimi niweke utaratibu wa diski, kwa kalipa (ule mwili unaobeba pedi na pistoni) isiyosogea yenye pistoni kila upande, kama za W123 na Volvo 240. Hapa pedi hutoka bila kufungua kalipa.

Gari liwe kwenye sakafu ngumu, mawe nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, stendi chini ya bodi. Jeki peke yake usiiamini. Vumbi la breki usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Pedi na lainingi (ngozi ya kusugulia ya breki za dramu) za zamani nyingi zilikuwa na asbesto. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, lifute kwa kitambaa, kitambaa ukifunge kwenye mfuko.

Ng'oa pini mbili kwa panchi nyembamba (chuma cha kupigia pini) na nyundo ndogo. Springi ya msalaba itaruka, iwekee mkono. Kabla ya kuisukuma pistoni nyuma, nyonya mafuta kiasi kutoka kwenye chupa ya masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) kwa sindano kubwa, la sivyo yatafurika na kuila rangi ya gari. Fungua pia bolti ya kutolea hewa kwenye kalipa, uivalishe kipaipu kinachoingia kwenye chupa, ndipo usukume. Uchafu ulioko nyuma ya pistoni utoke nje, usirudishwe juu kwenye sili za masta silinda.

Sasa tazama masikio ya pedi, yaani zile ncha mbili za bamba la chuma zinazokaa kwenye njia za kalipa. Hapa Pwani ndipo penye ugonjwa. Kutu ya chumvi huota ndani ya njia, rangi ya pedi mpya nayo huongeza unene, basi fundi hupiga pedi kwa nyundo ikaingia. Pedi iliyoingizwa kwa nyundo haiwezi kurudi nyuma. Yabaki ikisugua diski, yapata moto, gundi ya ndani yapanda juu, na uso wageuka kioo. Ukiielekeza kwenye mwanga utaiona yang'aa kama kigae cha jikoni. Huo ndio mlio wako, na ukinunua pedi nyingine utapata mlio uleule.

Dawa: brashi ya waya na tupa bapa kwenye njia za kalipa hadi uone chuma cheupe. Usile chuma chenyewe, toa kutu tu. Kwenye masikio ya pedi toa rangi iliyozidi. Kipimo ni hiki: pedi iingie na kutoka kwa vidole viwili, bila nguvu na bila kuchezacheza. Halafu paka grisi ya breki, ile ya seramiki au ya shaba, nyembamba kama rangi ya kucha, kwenye masikio na kwenye sehemu ya mgongo wa pedi inayoguswa na pistoni. Si zaidi ya hapo. Ukiona grisi imetokeza pembeni, umepaka nyingi.

Pini na springi za msalaba badilisha. Watu huacha springi zikipotea wakasema gari latembea tu. Latembea, ila pedi haina wa kuituliza.

Diski: pima unene kwa vernia mahali sita kuzunguka, ndani ya ule ukingo wa kutu. Kikomo kimepigwa mhuri kwenye diski au kimo kwenye kitabu cha gari. Kisha funga geji ya saa (kipimo chenye mshale cha kuonyesha kuyumba) na uzungushe. Kuyumba kukizidi milimita 0.10, usilaumu diski kwanza. Safisha mahali diski inapokaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu), pima tena. Ganda la kutu jembamba kama karatasi laweza kuiyumbisha. Kwenye W123 diski ya mbele imefungwa kwa nyuma ya habu, kwa hivyo kuitoa ni kufungua beringi, na ukirudisha uchezaji wa beringi uwe milimita 0.01 hadi 0.02. Ikilegea zaidi, utatafuta mlio kwenye pedi mwaka mzima.

#3 DongoKundu

Shukrani, Fundi. Langu ni Volvo 244, nyuma. Inalia nikikanyaga kidogo, chini ya kilomita 30 kwa saa, kwenda mbele tu. Rivasi kimya. Pedi mpya, diski zina unene unaotakiwa, pedi zaingia kwa vidole. Kalipa zilifunguliwa na kuwekwa sili mpya. Mlio ulianza baada ya hapo.

#4 FundiShimanzi

Kaka, umejibu mwenyewe bila kujua. Mlio ukienda mbele na kimya ukirudi rivasi, tena baada ya sili mpya: pistoni imegeuka.

Kalipa za nyuma za Volvo 240 ni za ATE au za Girling, soma jina kwenye mwili wa kalipa. Kama ni ATE, tazama uso wa pistoni. Si duara kamili. Sehemu moja imekatwa chini kidogo kama ngazi, na kuna mstari ulionyooka ambapo ngazi yaanza. Ule mkato uliwekwa makusudi. Pistoni haisukumi ule ukingo wa pedi ambao diski huukuta kwanza, hivyo pedi haiumi kwa ncha. Ikiuma kwa ncha, yatetemeka, na yalia. Sasa anayeweka sili huisukuma pistoni ndani ikakaa vyovyote.

Mkato utazame upande diski inapoingilia kwenye kalipa gari likienda mbele. Zungusha gurudumu kwa mkono uone. Kalipa ikiwa nyuma ya ekseli, diski huingilia kwa chini. Ikiwa mbele, huingilia kwa juu. Na ule mstari wa ngazi usiwe sambamba na njia ya pedi, uwe na pembe ya digrii 20 nayo, ukikosea isizidi digrii 2 huku wala huku.

Chombo chake kipo ila si lazima. Chukua kadibodi ngumu. Pima milimita 100 kwenye ukingo wa chini, kwenye ncha moja panda juu wima milimita 36, unganisha ncha kwa mstari, kata. Pembe kali uliyopata ni digrii 20. Ondoa pedi, laza upande wa milimita 100 juu ya njia ya pedi ya upande wa kuingilia, sukuma kadibodi hadi iguse ngazi ya pistoni. Mstari wa ngazi ulale juu ya upande ulioinama, bila mwanga kati yao.

Kuigeuza tumia koleo linaloshika pistoni kwa ndani, kwenye shimo lake. Kuishika kwa nje kwa plaizi ni kuikwaruza, na mkwaruzo ukipita kwenye sili mafuta yavuja. Igeuze kidogokidogo, pima, kisha mtu akanyage pedali pole mara moja, pima tena kwa kuwa huweza kujirudi. Fanya pistoni zote nne za nyuma, usifanye ile inayolia peke yake.

#5 kobe1300

Tusisahau dramu. Beetle 1300 ni dramu nne, na breki za dramu (shuu zinazotanuka na kushika ndani ya bakuli la chuma) zina tabia zake.

Nyuma, nati ya ekseli ni ya milimita 36, imekazwa kwa takriban Nm 300, kwa hivyo ilegeze gari likiwa chini, kwa bomba refu juu ya spana. Mbele, gurudumu la kushoto nati yake hufunguka kinyume, na waya wa spidomita unapita katikati ya ekseli hiyo, uchomoe pini yake kwanza.

Ukishafungua, funua raba za silinda ya gurudumu kwa kucha. Ndani kukiwa na majimaji, silinda inavuja hata kama nje ni pakavu. Lainingi iliyonywa mafuta ya breki au oili ya giaboksi haioshwi. Wengine huichoma moto ati mafuta yatoke. Yanayotoka ni ya juu tu, yaliyozama hurudi breki ikipata joto, na upande mmoja ukishika kuliko mwingine gari linavuta. Itupe, na ubadilishe za pande zote mbili za ekseli hiyo.

Sasa mlio wenyewe. Dramu ikichakaa hupanuka, shuu mpya zina duara la dramu mpya, basi hazilingani. Paka chaki kwenye lainingi yote, rudisha dramu, kaza shuu hadi zisugue kidogo, zungusha mara mbili, fungua. Chaki ikiwa imefutika katikati, vizuri, itajikaza yenyewe kwa matumizi. Ikifutika kwenye ncha mbili na katikati ikabaki nyeupe, hiyo ndiyo breki inayolia. Shuu inashika kwa visigino. Ipeleke kwa anayeweza kusaga lainingi ifuate duara la dramu yako, au usugue ncha kwa tupa na kurudia chaki hadi mguso uhamie katikati. Kazi ya nusu siku kwa magurudumu mawili. Kisha chonga ncha zote za lainingi kwa mshazari wa milimita 5 hivi, zisiwe na pembe kali.

Kwenye bamba la nyuma kuna vituo ambapo ubavu wa shuu husugulia. Mara nyingi vimechimbika. Vilainishe kwa tupa, weka tone dogo la grisi ya breki kwenye kila kituo. Dramu yenyewe ipigwe msasa namba 80 kwa mkato, si kwa kuzunguka.

Kurekebisha: kanyaga pedali mara kadhaa shuu zikae katikati. Kila gurudumu lina nyota mbili, yaani vigurudumu vya meno vya kukazia shuu. Kaza moja hadi isugue, rudisha meno 3 au 4 hadi gurudumu lizunguke huru, nenda ya pili. Nyota mbili za gurudumu moja zikazie kila moja peke yake, usizikaze pamoja.

#6 Mrima504

Nimesoma yote na nakubali karibu yote. Niongeze la gari linalolia kwa kuwa breki haiachii, maana pedi hapo huwa zinalaumiwa bure.

Endesha kilomita 5 bila kutumia breki sana, simama, peleka mkono karibu na ringi bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, inua gurudumu hilo na ulizungushe. Zito? Basi fuata mafuta kutoka juu kwenda chini. Legeza paipu ya chuma pale inapotoka masta silinda, weka kitambaa. Gurudumu likiachia, shida iko juu: fimbo ya pedali haina nafasi, au tundu dogo la kurudishia mafuta limeziba. Halikuachia, kaza, nenda kwenye maungio ya juu ya hozi ya mpira. Likiachia hapo, paipu ya chuma imebonyea. Halikuachia, fungua bolti ya kutolea hewa kwenye kalipa. Likiachia sasa, ni hozi. Kwa nje yaweza kuwa nzuri kabisa ila ndani mpira umevimba, mguu unasukuma mafuta yakapita lakini hayarudi. Na kama hata hapo ni zito, pistoni imekwama au pedi imekwama, rudi #2.

Hozi za umri huo badilisha zote pamoja, hazina huruma.

Mafuta ya breki pia. Yananyonya maji kutoka hewani na hewa yetu ina maji mengi. DOT 4 (daraja la mafuta ya breki) mbichi huchemka kuanzia digrii 230, ikishanywa maji asilimia 3.7 yaweza kushuka hadi 155. Maji hayohayo hula pistoni kwa ndani, vishimo vya kutu vinatokea, raba inakwaruzika, pistoni inakwama. Kwa Mombasa mimi nasema kila mwaka, hata kama kitabu kimesema miaka miwili. Ya silikoni, DOT 5, usichanganye na hizi.

Ninapopingana na Fundi kidogo ni kwenye diski. Diski ya gari kama haya, ikiwa na ukingo wa kutu na makovu, ipigwe leithi (mashine ya kuchonga chuma) au ibadilishwe?

#7 FundiShimanzi

Ami, hatupingani. Ukipiga leithi uso wabaki na mistari kama ya sahani ya santuri, na pedi hufuata ile mistari ikilia tik-tik hadi isuguliwe. Basi baada ya leithi, chukua msasa namba 120 juu ya kipande cha ubao, usugue kwa miduara inayokatana, pande zote mbili, dakika mbili kila uso. Kisha osha kwa maji ya moto na sabuni, kausha, futa kwa spiriti. Petroli na mafuta ya taa huacha ute. Nakubali leithi ikiwa diski itabaki juu ya kikomo *baada* ya kukatwa. Ikibaki sawasawa na kikomo, nunua mpya. Nyembamba hulia zaidi, tena hupata moto upesi. Na zikatwe mbili za ekseli moja kwa kipimo kimoja.

Kama uso ni mzuri na shida ni ule mdomo wa kutu wa nje tu, waweza kuondoa mdomo peke yake. Pedi mpya pana kidogo kuliko ya zamani hupanda juu ya mdomo na kulia siku ya kwanza.

#8 UmmuSpea

Mie nazungumzia kununua, maana nusu ya mlio huanzia kaunta.

Kwanza njoo na pedi ya zamani mkononi na jina la kalipa. "Pedi za W123" haitoshi. Gari hilo lilitoka na kalipa za makampuni zaidi ya moja, na pedi hazibadilishani. Pedi iliyo karibu-karibu inaingia, ila inacheza, na inayocheza inalia.

Pili geuza pedi usome mgongo. Alama ya E ndani ya duara ikifuatana na namba yenye 90R yaonyesha imepasishwa kwa kanuni ya Ulaya ya pedi za kubadilishia. Zile herufi mbili, kama EE, FF au GG, ni kiwango cha kushika: E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Ya kwanza ni hali ya kawaida, ya pili ni ikipata moto. Kwa gari la zamani la mjini FF yatosha. Mtu anataka GG ati breki iwe kali, kisha analalamika inalia ikiwa baridi. Pedi zenye chuma kingi ndizo zinazolia zaidi asubuhi na zinazoila diski. Zilizo laini huchakaa haraka lakini ni pole kwa diski ya miaka 45 ambayo kuipata nyingine ni shida. Mie nachagua laini.

Tatu, tazama kingo. Pedi nzuri ina mshazari kwenye ncha na mara nyingi mfereji katikati. Kama haina, chonga ncha zote mbili kwa tupa, milimita 3 hadi 5 kwa mshazari wa digrii 45, ukivaa kizuizi cha pua. Na ikague kwa macho: lainingi ikiwa na ufa pale inaposhikana na bamba, usiichukue hata kwa bure.

Grisi ya magurudumu isikaribie raba. Raba za kalipa huvimba. Kwa raba ni ile grisi nyekundu ya breki.

#9 Bandarini

Bi Ummu, na ule mtindo wa kukata mkebe wa soda na kuuweka nyuma ya pedi?

#10 UmmuSpea

Hapana. Bati lile ni jembamba mno na halikushikwa na chochote. Hukunjika, huhama, hupasuka, na kipande kikiingia kati ya pedi na njia yake, pedi imekwama. Shimu halisi ni chuma chenye tabaka la mpira, tena hukatwa kwa umbo la pedi na hugandishwa. Kwenye pistoni zenye mkato kama za #4, shimu nayo ina mkato. Ukiweka shimu kamili umeufuta mkato.

#11 kobe1300

Na kuzizoesha. Pedi mpya na diski iliyopigwa msasa zisipozoeana, zitalia hata kila kitu kikiwa sawa. Kilomita 60 kwa saa, kanyaga kwa wastani hadi 20, usisimame kabisa, achia, endesha nusu dakika zipoe, rudia mara 8 hadi 10. Halafu endesha kilomita kadhaa bila breki. Ukisimama zikiwa moto usivute handibreki wala usiendelee kukanyaga pedali, pedi huacha alama yake kwenye diski na utaisikia kila mzunguko.

Barabara ya Dongo Kundu asubuhi na mapema, Jumapili, inafaa. Mteremko wa Mazeras na ule wa kutoka Kwale haufai: breki haipati nafasi ya kupoa, na nyuma yako kuna lori.

Shuu za dramu zinataka muda mrefu zaidi, kilomita 200 hivi za kuendesha kwa upole.

#12 Mrima504

La chumvi: wanaovuka Likoni kila siku, gari likipita kwenye maji ya ngazi ya feri, mnyunyizo huingia ndani ya magurudumu. Jioni suuza kwa maji baridi ya bomba ndani ya ringi, breki zikiwa zimepoa. Kisha endesha mita 200 ukikanyaga mara tatu nne kukausha. Gari likilala limelowa, pedi hugandana na diski.

Gari la kuegeshwa miezi, usiache handibreki imevutwa. Weka gia na mawe.

Na wa Kisauni na Mtwapa, kwenye barabara za changarawe ya matumbawe: kijiwe huingia kati ya diski na bamba la vumbi, kikalia kama mbwa aliyekanyagwa. Rudi rivasi mita 10 kwa kasi ndogo, mara nyingi hudondoka. Kisipodondoka, vuta bamba kwa bisibisi ndefu kiasi cha milimita 2, kitoke, ulirudishe.

#13 DongoKundu

Nimefungua. Kalipa ni ATE. Kulia, pistoni ya ndani mkato ulikuwa umetazama juu kabisa, upande wa kutokea. Kushoto moja ilikuwa na digrii 40 hivi. Nimezipanga nne kwa kadibodi, nimepiga pedi msasa, nimezizoesha. Nikienda mbele sasa kimya, kwa kasi zote. Sasa nasikia kingine: nikivuta handibreki kidogo gari likitembea polepole, kuna mlio mzito, wa chini.

#14 FundiShimanzi

Hicho si pedi. Handibreki ya 244 ina shuu zake ndogo ndani ya kofia ya diski, na kwa kuwa hazifanyi kazi gari likitembea, hukaa na kutu na vumbi miaka. Ondoa kalipa uifunge kwa waya, isining'inie kwa hozi. Toa diski. Ikigoma, ni shuu zimeshika kwenye mdomo wa ndani, rudisha nyota kwanza kupitia tundu la diski. Futa kwa kitambaa kilicholowa, piga msasa ndani ya kofia na kwenye shuu, tazama springi kama hazijaliwa na kutu, grisi kidogo kwenye vituo vya bamba na kwenye nyuzi za nyota.

Rudisha diski, legeza kebo kabisa kule ndani. Kaza nyota kwa bisibisi hadi diski isizunguke, kisha rudisha meno 4 au 5 hadi izunguke bila kusugua. Pande zote mbili. Ndipo ukaze kebo. Ukianza na kebo, shuu zitakaa nusu zimevutwa, na ule mlio wa chini utausikia hata handibreki ikiwa imeshushwa.